Ngurumo Ilipopunguza Mwendo

"Huo si wimbo wenu, Ipyana. Huo ni wimbo wa kwaya, mmeuvalisha fulana nyeusi."

Kisa aliyasema hayo huku simu ameibana kwa bega na mikono yote miwili imezama kwenye gunia la mchele. Alikuwa peke yake katika duka la shangazi yake, Bondeni, mjini Kyela. Upande wa pili wa simu, Ipyana alivuta pumzi.

"Umeusikiliza mpaka mwisho?"

"Dakika moja. Ilinitosha."

"Wimbo una dakika sita, Kisa."

"Nyimbo zenu za zamani zilikuwa na dakika tatu, na mtu akimaliza anahema kama ametua gunia la mpunga. Huu nimeusikia nikapiga miayo. Na hiyo tarumbeta mmeitoa wapi?"

"Ni ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Utamjua."

"Basi nikimjua nitakuja kuusikiliza huo wimbo," akasema Kisa, akakata simu.

Ipyana alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Ngurumo ya Kiwira, vijana wanne wa Bujonde waliopiga muziki wa metali katika ghala la kakao, magitaa yakinguruma mpaka mabati yanatetemeka, na yeye mbele akitoa sauti kutoka chini ya tumbo kama gari linalopanda mlima. Watu waliwacheka mwanzoni. Kisa hakucheka. Alitoka kwao Ngana siku moja kuuza ndizi, akawasikia sokoni, akasahau ndizi. Ni yeye aliyeanzisha kundi la mashabiki kwenye simu, akaliita Wana wa Ngurumo, nalo likakua hadi watu mia tisa, wengine Tukuyu, wengine ng'ambo ya mpaka, Karonga. Aliipenda bendi mwaka mzima kabla hajampenda mwimbaji wake.

Sasa alikuwa mchumba wa mtu. Ng'ombe wawili wa mahari walikwisha kufika kwa baba yake tangu mwezi wa sita wa mwaka jana. Na tangu siku hiyo Kisa alishika mwiko ambao wazee huuita ukutila: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Akisikia Mzee Zebedayo anapita njia hii, yeye huingia kwenye migomba hadi apite. Siku hizi wengi wameuacha, lakini ukoo wa Ipyana haukuuacha, na Kisa aliukubali bila kinyongo. Hakuwahi kumwona mzee huyo kabla. Alijua tu kwamba ni mzee wa kanisa la Moravian, mkulima wa kakao, na kwamba hajawahi kwenda kumsikiliza mwanawe hata siku moja.

Jioni hiyo kundi liliwaka moto.

Gwamaka, fundi pikipiki, mwenye sauti kubwa hata anapoandika, ndiye aliyeanza: "NDUGU ZANGU, HII NI BENDI AU HARUSI YA MTOTO WA MCHUNGAJI?"

Mwingine: "Fulana yao niliificha mama asiione miezi minane. Leo nimemkuta mama anaimba wimbo wao jikoni. Nimeaibika."

Wa Karonga: "Huku tumenunua tiketi tukijua tunakuja kusikia radi. Tumeletewa manyunyu."

"Dada Kisa, wewe ndiye mwenye kundi na ndiye mwenye mwimbaji. Sema neno."

Kisa alikaa na ile simu muda mrefu. Kilichomuuma hakikuwa wimbo. Ilikuwa ni miezi mitatu ambayo Ipyana alikuwa akimwambia "niko mazoezini", na mazoezi hayo yeye hakualikwa, yeye aliyekuwa akikaa juu ya magunia ya kakao tangu bendi ina gitaa moja. Ukimfungia mtu mlango wa nyumba aliyosaidia kuijenga, atasema umeingiza mtu mwingine.

Akaandika: "Jumamosi kwenye onyesho la uwanjani, wimbo mpya ukianza, tunageuka. Matusi hapana, chupa hapana. Migongo tu. Wajue kuwa tulikuwepo na tumekataa."

Mia mbili na zaidi wakaweka alama ya ngumi.

Ijumaa mchana Ipyana akapiga.

"Kesho usikae mbele," alisema. "Kaa nyuma kabisa, kule kwa wauza mihogo."

"Miaka mitatu nakaa mbele."

"Kesho tu. Nakuomba."

"Kuna mtu hutaki anione?"

Kisa aliibana simu sikioni.

"Ipyana, nimekuuliza."

"Yupo. Lakini si kama unavyofikiri. Nitakueleza Jumapili, nikiruhusiwa."

"Ukiruhusiwa na nani? Siku hizi una mtu wa kukuruhusu?"

"Kisa, nina mzigo siwezi kuutua leo. Kaa nyuma. Basi."

"Nitakaa ninapokaa siku zote," alisema Kisa.

*

Jumamosi saa kumi alasiri uwanja ulijaa fulana nyeusi. Ngurumo ya Kiwira wakafungua na nyimbo mbili za zamani. Vumbi likapanda, watu wakarukaruka, Gwamaka akapoteza kiatu. Kisa aliyekuwa mstari wa mbele aliimba mpaka koo likamuuma, na kwa dakika sita alimsamehe Ipyana kila kitu.

Kisha Ipyana akasogelea maikrofoni. Macho yake yalimwona Kisa pale mbele, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeona gari linaserereka.

"Wimbo unaofuata una mgeni," alisema. "Tafadhali. Naomba mtusikilize."

Emanueli, mpiga ngoma, akaanza taratibu. Kisa akainua ngumi, akageuka. Nyuma yake, kulia, kushoto, migongo mia tatu ikageuka.

Ndipo tarumbeta ikasikika. Ilikuwa sauti nyembamba, ya uangalifu, kama mtu anayebeba bakuli limejaa mpaka ukingoni. Ikapanda. Ikateleza. Ikapanda tena. Kisa alijikuta anaisikiliza kwa shingo, bila kugeuka. Katikati ya ubeti wa pili ikakatika.

"Pumzi imekwisha huyo," Gwamaka akanong'ona, na wawili watatu wakacheka.

Magitaa yakanyamaza. Kwenye maikrofoni ikasikika sauti ya mtu mzima, haikuwa na hasira, ilikuwa inauliza tu:

"Ipyana. Watu hawa nimewakosea nini?"

Kisa alitaka kugeuka. Lakini kabla hajafanya hivyo, mtu alimvamia kutoka ubavuni, akamfunika kichwa na uso kwa kanga. Alikuwa Lusungu, mke wa kaka yake Ipyana.

"Usigeuke," Lusungu alisema sikioni mwake, naye mwenyewe ameinamisha macho chini. "Kisa, usigeuke. Ni baba mkwe."

Na hapo ndipo aliposimama, mgongo wake kwa mzee yule, asiweze tena kugeuka hata angetaka.

*

Walipomwondoa mzee kwa bajaji, Kisa alimkuta Ipyana nyuma ya gari la vyombo. Alikuwa ameketi juu ya spika, sanduku la tarumbeta mapajani.

"Sikujua," alisema Kisa.

"Najua hukujua."

"Niambie."

Ipyana alilifungua sanduku na kulifunga, mara mbili.

"Ana saratani ya ini. Tangu Januari. Alinikataza kukuambia. Alisema mkwe haletewi habari za tumbo la baba mkwe wake."

"Na tarumbeta?"

"Aliipigia kanisa miaka thelathini, akaiacha mimi nikiwa shule. Mwezi wa tatu akaitoa uvunguni, akaja ghalani, akasema, 'Vijana, nipeni nafasi kidogo.' Miaka yote hii hakuwahi kuja, Kisa. Tukapiga kama tulivyozoea, hakufikisha hata mstari. Pumzi haitoshi, ini limevimba linambana kifua. Tukapunguza mwendo. Akashindwa. Tukapunguza tena. Nikinguruma, yeye hasikiki, basi nikaacha kunguruma." Alimtazama. "Wanauliza nani kabadilisha mtindo wetu. Ni mapafu ya baba. Tulipiga kwa kipimo cha pumzi aliyobaki nayo."

Kisa alikaa chini kwenye vumbi.

"Nikakuomba ukae nyuma," Ipyana aliendelea, "maana yeye alikubali kuja kwa sharti moja, asikutane na mkwe wake. Alifanya mazoezi miezi mitatu kwa ajili ya dakika sita. Amepata mbili, na mbele ya migongo."

"Nisamehe, Ipyana."

"Ungenikosea mimi, ningekusamehe hapa hapa, tungeenda kula mihogo. Sasa nikusamehe kwa niaba ya nani?"

Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Mshenga atakuja Jumatano kwa baba yako kuzungumza habari ya kurudisha ng'ombe. Nimeona nikuambie mimi kwanza."

Akausoma mpaka herufi zikapoteza maana. Akajibu: "Naomba nije kumwomba radhi yeye mwenyewe. Kisha mshenga afanye kazi yake."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Mwulize mama."

*

Mama Keziya, mama yake Ipyana, alimpokea nyuma ya nyumba, upande wa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua."

"Nimekuja kwa baba."

"Kwa baba huingii. Utakaa hapa chini ya dirisha, nami nitakaa mlangoni kwake. Utasema, nitapeleka. Atasema, nitaleta. Hata nyumba zenye ugomvi mkubwa kuliko huu zimefanya hivyo."

Kisa akakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua. Ndani akasikia kikohozi.

"Mwambie nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyewaambia wageuke."

Mama Keziya akapeleka neno. Ndani ikajibu sauti ya chini. Kisa aliisikia kila neno, lakini alisubiri iletwe, ndiyo heshima.

"Anauliza, uliwageuza kwa sababu wimbo ni mbaya, au kwa sababu umemkasirikia mwanawe?"

Kisa angeweza kusema uongo wenye adabu. Hakuusema.

"Nilimkasirikia mwanawe. Wimbo sikuusikiliza."

Ndani kukatoka kitu kilichokuwa kicheko kabla hakijawa kikohozi.

"Anasema hilo limempunguzia nusu ya ugonjwa. Alidhani amepiga vibaya."

"Mwambie hakupiga vibaya."

"Anasema hujasikiliza, umejuaje?"

Kisa akajikuta anatabasamu, machozi yakimtiririka kidevuni.

"Anasema, kama una wimbo huo kwenye simu, uweke. Muusikilize."

Akauweka. Akainua simu mpaka usawa wa dirisha, mkono juu ya kichwa, na dakika sita zikapita. Yeye nje, mzee ndani, mama mlangoni kati yao akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kwa mara ya kwanza Kisa alisikia jinsi gitaa la Ipyana lilivyokuwa likirudi nyuma kila tarumbeta ilipotaka kupumzika, likimshika mzee mkono kama mtu anavyovushwa mtoni, bila kumwonyesha kwamba anashikwa. Mkono wake ulikufa ganzi. Hakuushusha.

Wimbo ulipokwisha, mzee alisema maneno mengi.

"Anasema, kwanza, huyo Emanueli bado anakimbia, mtu angedhani ana basi la kuwahi. Pili, anasema amekusamehe, neno hilo lisirudiwe tena katika nyumba hii. Ndaga fijo, anasema, asante sana kwa kuja. Tatu..." Mama Keziya akasita. "Tatu, habari ya ng'ombe hataisemea. Hiyo ni yako na Ipyana."

Ipyana alikuwa amesimama kwenye migomba, baiskeli mkononi. Kisa hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Baba amekusamehe," alisema.

"Nimesikia."

"Mimi bado."

"Hilo nalo nimelisikia."

"Mshenga atakwenda Jumatano."

Kisa aliinua mkoba wake, akafunga kanga vizuri. "Mpe maji ya kunywa njiani. Barabara ya Ngana ina vumbi."

Usiku huo aliandika kwenye kundi, bila kujipamba: mpiga tarumbeta ni nani, anaumwa nini, kwa nini wimbo ni wa taratibu, na kwamba kosa ni lake, wao walimfuata tu. Kisha Gwamaka akaandika, kwa mara ya kwanza kwa herufi ndogo: "mimi nilicheka." Akaandika tena: "nimeusikiliza wote sasa. mara nne."

Yule wa mama jikoni akaandika: "Nimemwambia mama. Anasema alijua ni mtu mzima kwa jinsi anavyopumua."

Lakini si wote. Wa Karonga akaandika: "Pole kwa mzee. Ila mimi bado nautaka muziki wa zamani." Hakuna aliyemtukana, na Kisa aliona ni haki yake.

Mshenga alikwenda Ngana Jumatano. Baba yake Kisa alimkaribisha, akamlisha, akamwomba wiki mbili za kutafakari.

Mzee Zebedayo hakuzimaliza hizo wiki mbili. Alifariki Jumanne asubuhi, wakati Mama Keziya anamchemshia uji.

*

Msiba ulikuwa Bujonde, nyumbani. Turubai lilifungwa kutoka kwenye nyumba hadi ghalani. Wana wa Ngurumo walikuja kwa miguu, kwa pikipiki, kwa lori la mchanga, fulana zao nyeusi zikiwa zimepigwa pasi. Hata yule wa Karonga alivuka mpaka.

Kisa alikuja nao. Hakujua aingie kwa mlango upi. Akina mama walikuwa jikoni, wake wa wana wa nyumba walikuwa nyuma, mahali ambapo jeneza halionekani, maana ukutila hauishi kwa kifo. Yeye hakuwa huku wala kule. Msimamizi wa msiba alipotangaza kwamba wageni wapange mstari kutoa heshima za mwisho, akajipanga na wageni.

Mstari ukasogea. Mbele yake Gwamaka alikuwa amevua kofia. Jeneza lilikuwa wazi. Watu kumi bado. Tisa.

Ipyana akaondoka pale alipokuwa amesimama na ndugu zake, akamjia.

"Unakwenda wapi?"

"Kumuaga."

"Umepanga mstari wa wageni."

"Ndio niliopewa. Mshenga wako alikuja kwetu, umesahau?"

"Sijasahau." Macho yake yalikuwa mekundu, sauti yake ya kunguruma imebaki ya kunong'ona. "Jana nilimpigia nikamwambia aache."

Kisa alimtazama. "Kwa ajili ya baba?"

"Baba alikataa kunisaidia. Nilimwuliza mara tatu. Anasema, 'Hiyo ni kazi yako, mimi nina ya kwangu.'" Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Bado nina hasira, Kisa. Sitaki kukudanganya. Nitakuwa nayo muda mrefu."

"Nitaishi nayo."

"Basi Lusungu yuko nyuma ya nyumba. Amekuachia nafasi kwenye mkeka."

Mstari ukasogea. Sasa walibaki watu sita. Kisa aliweza kuona ukingo wa jeneza na kitambaa cheupe.

"Naomba nimwone mara moja tu," alisema. "Nimemgeuzia mgongo, Ipyana. Sijawahi kumwona uso. Nimwone, kisha nitakwenda kwa Lusungu."

"Ukimwona, huwi tena mtu wa kule nyuma. Unajua."

"Najua."

"Sikuzuii. Hata mimi sijui ningechagua nini."

Mbele yao Gwamaka alifika, akainama, akakaa kitambo, midomo ikitembea. Nyuma yake wale mia tatu walikuwa wakija mmoja mmoja, kila mmoja ataangalia uso ule, kila mmoja ataomba radhi yake mwenyewe ana kwa ana.

Kisa akatoka kwenye mstari.

Akazunguka nyumba, akapita jikoni, akaketi kwenye mkeka kando ya Lusungu, wote wawili wakiielekea migomba. Lusungu akamtandikia ncha ya kanga yake mabegani. Magitaa yakaanza kule mbele, taratibu, polepole kuliko hata siku ile ya uwanjani, na Emanueli safari hii hakukimbia.

"Lusungu."

"Mm."

"Alifanana na nani?"

Lusungu alifikiri.

"Sijui," alisema. "Mwaka wa kumi na moja niko katika nyumba hii. Sikuwahi kumtazama."

Kisa akaegemea bega lake. Wakakaa hivyo, wakisikiliza, hadi muziki ulipokoma na mbele ya nyumba nyundo ikaanza kugonga misumari.